Nta ya Jaafar

Mbeyu hakuzaliwa na Bi Fauzia, lakini alinyonya kwake. Mama yake mzazi alifariki siku ile ile aliyomleta duniani, na Bi Fauzia, jirani wa ukuta kwa ukuta hapo Msambweni, alikuwa na mtoto mchanga kifuani. Akasema maziwa ni mawili na watoto ni wawili, sasa nyinyi mnalia nini? Mtoto wake yule hakukaa, Mungu alimchukua kabla hajaota jino. Mbeyu akakaa. Kwa hiyo kwa sheria ya dini na kwa desturi ya watu wa pwani, watoto wote wa Bi Fauzia walikuwa ndugu zake, na mkubwa wao, Jaafar, alikuwa kaka yake wa haki. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mdogo, na yeye ndiye aliyemtia bisibisi mkononi mara ya kwanza, wakati wasichana wenzake walikuwa wakitiwa hina.

Wote wawili walifanya kazi katika kiwanda cha kamba za usumba, nje kidogo ya Msambweni. Makumbi ya nazi yaliletwa kwa malori, yakalowekwa, yakapondwa, yakachambuliwa nyuzi, na nyuzi zikasokotwa kuwa kamba. Hoteli za Diani zilizinunua kwa wingi kuzungushia nguzo za baraza zao, ili mgeni akishuka kwenye gari aone kweli amefika Afrika. Kazi yote ya kusokota ilifanywa na mashine moja kubwa yenye mota moja kubwa, na mashine ile ikilala kiwanda kizima kililala.

Nyuma ya mota ile palikuwa na kidude kinene kama kopo la maziwa ya unga, kimeshikana na shafti. Mota ikizunguka, nacho kilizunguka na kutoa umeme kidogo. Mota ikiongeza kasi, umeme uliongezeka, ikipunguza, ulipungua. Umeme huo ulikwenda mpaka kwenye kidhibiti, lile sanduku la ukutani linaloamua mota ipewe nguvu kiasi gani. Ndiyo kusema kidude hiki ndicho kilichokuwa kikimwambia mkubwa wake, "Bwana, sasa hivi tunakwenda kasi hii." Mafundi wa bara walioifunga mashine walikiita tako, kwa kulifupisha jina lake la kitabuni, takojenereta. Sasa hebu fikiri mwenyewe: kiwanda kimejaa kina mama wa Kidigo na Kiduruma, halafu mwanamume mzima anapiga kelele kutoka chini ya mashine kwamba tako limechoka, aletewe jingine. Jaafar aliona aibu hiyo haibebeki, akakipa jina la heshima. Tangu hapo kikaitwa kidainamo.

Shida ya kidainamo ilikuwa kaboni. Ndani yake mlikuwa na vipande viwili vya kaboni vinavyosugua muda wote, na katika kiwanda chenye vumbi la makumbi na upepo wa chumvi, vilikwisha kama sabuni. Vikishaliwa, kidainamo kilianza kusema uongo. Kidhibiti kikaambiwa mota imepunguza, kikaisukuma. Mara kikaambiwa imezidi, kikaibana. Kamba ikatoka nene hapa, nyembamba pale, na hoteli zikairudisha. Hapo ndipo alipoitwa Jaafar. Hata akiwa arusini aliitwa, akaja na kanzu yake, akaikunja mpaka magotini, akaingia chini ya mashine. Kaboni alizinunua Kona ya Musa, huko Ukunda, za ukubwa usiofaa, akazipiga tupa mpaka zikakaa. Mashine ikinguruma tena, kina mama walipiga vigelegele: "Tabibu huyo!" Naye alitoka amejaa vumbi hadi kwenye kope, akijifanya hakusikia, na alikuwa amesikia vizuri sana.

Alikuwa na jambo lake moja Jaafar. Hakuweza kuutia waya mahali pake hivi hivi. Kwanza aliukunja mdomo, yaani ile ncha ya shaba aliirudisha juu yake yenyewe iwe nene. Kisha alitoa mfukoni kikopo cha mafuta ya nywele alichopewa na mamake, ambamo aliweka nta ya nyuki iliyotoka upande wa Kinango, akaichovya ile ncha. Ndipo akaitia na kukaza skrubu.

"Shaba usiiache uchi, mdogo wangu," alimwambia Mbeyu. "Upepo wa huku una meno."

Na kweli, waya za Jaafar hazikuota kutu. Mbeyu alijifunza hivyo, akafanya hivyo miaka, mpaka alipokwenda kusomea umeme wa viwandani Mombasa. Alirudi na vikofia, yaani vile vijimrija vya shaba nyeupe ambavyo ncha ya waya huvikwa na kubanwa kwa koleo maalumu. Jaafar alipoviona alicheka mpaka akashika ukuta.

"Leo Idi? Mbona waya zako zimevaa kofia?"

Mbeyu naye alicheka. Walikuwa wakicheka pamoja hivyo, na mtu akikwambia kwamba ndugu hao hawakupendana, mwambie aende zake.

Aliyoyaleta kutoka Mombasa hayakuwa vikofia tu. Alileta wazo. Kidainamo kiondolewe, mahali pake iwekwe enkoda. Enkoda haitoi umeme wa kupanda na kushuka, inahesabu. Ndani yake mna kisahani chenye vitundu, na taa ndogo inayomulika. Kisahani kikizunguka, mwanga unakatika na kurudi, unakatika na kurudi, na kidhibiti kinahesabu mikatiko hiyo na kujua kasi. Hakuna kaboni. Hakuna cha kusugua wala cha kuliwa. Imefungwa pande zote, vumbi likae nje na mashine ikae miaka bila kumwita mtu.

Hayo maneno ya mwisho Mbeyu aliyasema kwa furaha, na Jaafar alikuwa amekaa mbele yake.

Meneja, Bwana Mwero, mtu wa Matuga asiyependa maneno mengi, alisikiliza akakuna kidevu. "Fanya," alimwambia Mbeyu. "Ikienda, mashine hii iko chini yako kuanzia siku hiyo, fundi wake ni wewe. Isipokwenda, wenye kiwanda watataka kujua ni nani aliyeichezea, na mimi sitaweza kukuficha. Utarudi nyumbani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Jaafar, wewe wasemaje?"

Jaafar alitabasamu. "Mwacheni mtoto ajaribu. Mimi niko nyuma yake."

Mbeyu alikumbuka baadaye kwamba alisema hivyo, nyuma yake. Lakini wakati ule alijaa shukrani hata machozi yakamlenga. Na kwa kuwa aliyefundishwa naye hupenda kufundisha, alimketisha kaka yake mbele ya kidhibiti akamweleza kila kitu. Alimwonyesha waya mbili, mweupe na wa kijani. Hizi, alisema, ndizo zinazokijulisha kidhibiti mota inazunguka upande gani. Ukizibadilisha, mweupe kwa kijani na kijani kwa mweupe, mota itakwenda mbele huku kidhibiti kikidhani inarudi nyuma. Nacho kitaisukuma izidi kwenda mbele, na kadiri inavyokwenda ndivyo kitakavyoisukuma.

"Kama kidainamo ukikigeuza waya," alisema Jaafar.

"Kama hicho hicho! Ila hiki kidhibiti nimekiwekea kinga. Kasi ikipita kiasi kinajizima chenyewe."

"Kinajizima."

"Chenyewe, kaka. Hakihitaji mtu."

Jaafar aliitikia kwa kichwa, akazitazama zile waya mbili kwa muda. Mbeyu aliona fahari. Alidhani anamlipa mtu wema wake.

Alhamisi enkoda ilifungwa ikajaribiwa bila kamba. Mashine iliondoka taratibu, ikapanda, ikashika kasi iliyoagizwa na kubaki hapo hapo, haikutetemeka hata kidogo. Kina mama walisimama na nyuzi mikononi, hawajawahi kuisikia mashine yao ikiimba sauti moja. Kisha vigelegele vikapasuka, na safari hii havikuwa vya Jaafar. Yeye alipiga makofi, tena aliendelea kupiga wenzake walipokwisha nyamaza.

Ijumaa adhuhuri mashine ilizimwa kama kawaida, wanaume wakaenda msikitini, na Mbeyu akaenda kwa Bi Fauzia, maana chakula cha Ijumaa hakikuliwa kwingine. Alimkunia nazi, akapepeta mchele, akasimulia habari ya enkoda mpaka mama wa watu akacheka: "Hiyo enkoda imeleta posa, mwanangu, mbona unaisifu kama bwana?" Watu wakaanza kupita barazani wakirejea kutoka sala, kofia vichwani, na Jaafar hakuonekana. Alikuja wali umeshapakuliwa. Alisema aliswali Ukunda. Alikuwa ameteremka huko Kona ya Musa, alisema, kutafuta kaboni.

"Kaboni za nini tena, na kidainamo kimeshastaafu?" Mbeyu alimtania.

Jaafar alijisogezea birika la maji. Alinawa, akala bila kuinua macho, na Bi Fauzia akamwongezea mchuzi akidhani mwanawe amechoka na safari.

Alasiri kamba ilitiwa kwenye mashine. Aliyesimama kwenye mdomo wake kulisha nyuzi alikuwa Tsofa, mama wa Kiduruma mwenye mikono myepesi kuliko wote kiwandani, ambaye tangu Alhamisi alikuwa akimwambia kila mtu kwamba fundi wao sasa ni mwanamke. Mbeyu aligusa kitufe. Mashine haikuondoka taratibu. Ilinguruma kwa mkupuo mmoja, ikapanda, ikazidi kupanda, sauti ikawa kilio. Kamba ilikazika na kukatika kwa kishindo, ncha yake ikageuka mjeledi, ikamchapa Tsofa mkononi. Kisha kidhibiti kikajizima. Kilifanya kama kilivyoagizwa, lakini mkono wa mtu hauhitaji muda mrefu kuvunjika.

Tsofa hakupiga ukelele. Alikaa chini, akautazama mkono wake uliopinda pasipo na kiungo, akasema, "Mbeyu, kumetokea nini?"

Bwana Mwero aliamuru sanduku la kidhibiti lifungwe kabla mtu yeyote hajaligusa, akatia ufunguo mfukoni. Jumatatu, alisema, litafunguliwa mbele ya watu wote.

Siku mbili zile Mbeyu hakula. Alikwenda hospitalini kumtazama Tsofa akamkuta amefungwa plasta mpaka juu ya kiwiko, akakaa kando ya kitanda. Ni mimi, alijiambia. Hakuna njia nyingine mota ingeweza kukimbia vile ila zile waya mbili ziwe zimebadilishwa. Na mikono iliyozitia ni yangu. Lakini mbona Alhamisi ilikwenda sawa? Labda nilizichomoa Alhamisi jioni nikasahau. Labda nilizikaza upya nikiwa na furaha mno. Alizitazama hizo labda zake moja moja, na kila moja aliiamini. Alianza kuiogopa mikono yake mwenyewe. Akiosha kikombe alikitazama mara mbili kama kweli amekiosha.

Jumapili jioni Jaafar alikuja barazani kwake, akaketi karibu naye.

"Mdogo wangu, usibishane nao," alisema. "Sema umekosea, basi. Sema kwa mambo haya ya enkoda bado hujaiva. Mimi nitakuombea ubaki, uwe msaidizi wangu kama zamani. Kidainamo nimekitunza, kiko nyumbani nimekifunika. Tutakirudisha."

Mbeyu alimwegemea begani akalia. Akauchukua mkono wa kaka yake, akaubusu. Hilo ndilo jambo ambalo baadaye, akilikumbuka, lilimchoma kuliko mengine yote: kwamba aliubusu.

Jumatatu walikusanyika mbele ya mashine. Tsofa alikuja vilevile, mkono umefungwa kifuani kwa leso, akaketishwa juu ya robota la usumba. Bwana Mwero alitoa ufunguo.

"Kabla sijafungua," alisema, "una la kusema, Mbeyu?"

Maneno alikuwa nayo tayari mdomoni. Nimekosea. Bado sijaiva. Lakini Jaafar alimtangulia, akajitokeza mbele kofia mkononi kama mtu anayesimamia posa.

"Bwana Mwero, nami nina ombi. Huyu ni mtoto wetu. Damu changa ina haraka. Mwenye kosa akikiri husamehewa, na mimi namchukulia dhamana. Atabaki chini yangu, hatagusa tena kitu nisichomwamuru." Sauti yake ilikatika kidogo. Mama mmoja nyuma alisema maskini, kaka ni kaka.

Bwana Mwero alifungua sanduku, akasogea Mbeyu apate kuona.

Waya zilikuwa zimejipanga safu, kila mmoja na kikofia chake cheupe, kama alivyoziacha. Isipokuwa mbili. Mweupe ulikaa pa kijani na kijani ukakaa pa mweupe, hilo alilitarajia. Asilolitarajia ni kwamba hazikuwa na vikofia. Zilikuwa zimekatwa ncha, zikachunwa upya, midomo yake imekunjwa, na juu ya shaba iling'aa nta.

Mbeyu alizitazama. Watu walidhani anatafuta kosa, na kumbe alikuwa amekwisha kuliona na sasa anatafuta namna ya kutoliona. Alijua lilivyotendeka kana kwamba alikuwapo. Kikofia kikishabanwa na skrubu hupondeka, hakikubali tena kuingia tundu jingine. Kwa hiyo mwenye haraka, watu wakiwa msikitini, alivikata. Akabaki na waya mbili uchi mkononi. Na mikono yake, iliyokuwa imekuja kuharibu, haikuweza kuiacha shaba uchi kwenye upepo wa chumvi. Ikazikunja. Ikazichovya. Wala hakujua kwamba imefanya hivyo, kwani mtu hauoni mwendo wake mwenyewe. Kwake yeye waya ni hivyo unavyofanana.

Watu husema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wazee wetu walisema mengi, na hili Mbeyu angependa kuwauliza upya.

Alihisi baridi, kisha hasira iliyompanda kutoka miguuni, kisha kitu kibaya kuliko hasira: nafuu. Mikono yangu haikukosea.

Angeweza kusema palepale. Lakini neno la mtu aliyekaribia kufukuzwa, dhidi ya neno la tabibu aliyekuja kumwombea, lingekuwa na uzito gani? Angeonekana mshenzi anayemrukia mwokozi wake. Akamgeukia Jaafar.

"Kaka," alisema, "mikono yangu inatetemeka. Nisaidie. Ule mweupe uchomoe, uukate upya, uutie mahali pake. Huo mmoja tu."

Alimpa koleo.

Jaafar aliona ni mwanzo wa kukiri. Alisogea kwa upole, akalegeza skrubu, akauchomoa waya mweupe na kuukata ncha. Akauchuna. Akaukunja mdomo, akaurudisha juu yake wenyewe na kuubana kwa ukucha, kama alivyofanya maisha yake yote. Kisha mkono wake wa kushoto ukaingia mfukoni, ukatoka na kikopo cha mafuta ya nywele, kidole gumba kikafungua kifuniko, na waya ukachovywa.

"Simama hapo hapo," Mbeyu alisema.

Jaafar alisimama, waya mkononi, haelewi.

"Bwana Mwero, tazama ndani. Waya zote zina kofia, nilizivika mimi Alhamisi na wewe ulikuwapo, na huyu huyu alinicheka. Tazama huo wa kijani ambao hajaugusa leo. Sasa tazama alioushika."

Bwana Mwero aliinama. Akatazama wa kijani, akatazama wa mkononi, akarudia tena. Zilifanana kama pacha, kunjo kwa kunjo, nta kwa nta.

"Ufunguo ulikuwa kwangu tangu Ijumaa alasiri," alisema taratibu. "Ijumaa adhuhuri ulikuwa wapi, Jaafar?"

"Ukunda. Niliswali Ukunda."

Alisema hivyo akikitazama kile kikopo mkononi mwake, na ni hapo Mbeyu alipomwona ameelewa. Uso wake ulimshuka wote, mashavu, midomo, akazeeka mbele yao. Hakuna aliyemkaripia. Tsofa ndiye aliyesema, kutoka kwenye robota lake:

"Jaafar. Na mimi ndiye niliyekuwa nakuita tabibu."

Laiti angemtukana. Jaafar alimgeukia Mbeyu, akasema kwa sauti ya chini kama wanaozungumza peke yao barazani, "Wewe mwenyewe uliniambia itajizima."

"Ilijizima, kaka."

"Mimi nilitaka isimame tu. Wallahi, Mbeyu. Isimame, mniite." Aliinyoshea enkoda kidole. "Hicho kidude chako hakiharibiki. Nani angeniita tena?"

"Mimi!" Mbeyu alipiga kelele, na kelele hiyo ilimshtua yeye mwenyewe. "Mimi ningekuita! Nani aliniwekea bisibisi mkononi? Nilikuonyesha waya zile kwa sababu nilitaka tuijue kazi hii sote wawili. Ukazitumia hizo hizo. Halafu ukaja kwangu Jumapili ukaniacha nilie begani kwako, nikubusu mkono, mkono huo huo! Ungeniacha nife nikidhani mimi ndiye niliyemvunja Tsofa. Ungeniacha niiogope mikono yangu mpaka kaburini, mradi wewe uitwe."

Jaafar aliweka koleo juu ya sanduku na kikopo kando yake, polepole, akapita katikati ya kina mama ambao walimpisha njia pana kuliko ilivyohitajika. Bwana Mwero alimfuata nje. Hawakurudi pamoja.

Aliporudi, meneja alikuna kidevu chake. "Kamba za watu zinangoja," alisema bila kumtazama Mbeyu usoni, na kwa mtu wa aina yake hiyo ilikuwa ni kuomba radhi. "Mashine ni yako."

Mbeyu aliinamia sanduku. Waya wa kijani aliukata ncha, akauvika kikofia. Ule mweupe, wenye nta mbichi ya leo, nao aliukata, akauvika kikofia. Akautia kila mmoja mahali pake, akakaza. Kazi imekwisha. Kwa mafunzo ya Mombasa, kazi ilikuwa imekwisha.

Lakini Mombasa walimfundisha katika chumba chenye kiyoyozi. Hapa upepo ulikuwa ukiingia kutoka baharini kupitia mabati, unaonjeka chumvi, na vikofia vile kwenye mashina yake vilikuwa na mwanya mdogo ambapo shaba ilionekana. Alijua, kama ajuavyo jina lake, kitakachotokea hapo baada ya masika mawili. Kikopo kilikuwa pale pale juu ya sanduku. Kilikuwa wazi, na ndani yake alama ya kidole cha Jaafar.

Alikitazama kwa chuki. Kisha akachovya kidole chake mle mle, akaipaka nta kwenye shina la kila waya, mmoja baada ya mwingine, wote, huku machozi yakimtiririka na kina mama wakijifanya wanapanga nyuzi.

Mashine iliondoka taratibu, ikapanda, ikashika kasi yake na kutulia. Tsofa, kwa mkono wake mzima, alimwashiria kwamba anaisikia.

Simu ililia mfukoni. Alitoka nje, penye milima ya makumbi, apate kusikia.

"Mwanangu," alisema Bi Fauzia, "hiyo simu ya nduguyo ina nini? Nampigia, haishiki. Nimepika kunde kwa nazi na samaki wa kukaanga, nimeletewa wazuri leo kutoka Shimoni. Mje mle kingali moto. Nyote wawili, usikie? Mwambie na yeye."

Mbeyu alifungua mdomo. Harufu ya nta ilikuwa bado kwenye vidole vilivyoshika simu.

"Mbeyu? Upo?"

"Nipo, mama," alisema. "Nakuja mimi."

"Na Jaafar?"

"Nakuja mimi, mama. Usipakue kwanza."